Yalikokwenda Machungwa

Kiwanda ninachofanyia kazi Eldoret kina matangi mawili ya mafuta mazito ya boila, yamesimama nyuma ya stoo. Mimi ndiye mtunzaji wake. Kwa miaka miwili kazi hiyo kwangu ilikuwa kupima lita kwa kijiti na kutia sahihi vitabu. Mkubwa wangu aliponiambia niende Mombasa, kwenye mafunzo ya siku tatu kuhusu mafuta yanayomwagika, nilichofurahia ni pwani. Sikuwa nimewahi kuiona bahari. Mama aliniagiza mabuyu.

Basi la usiku lilinishusha Nairobi kukipambazuka, nikapanda treni ya SGR ya saa mbili asubuhi. Tsavo niliona ndovu wekundu kwa vumbi. Mariakani nikaona minazi. Tuliposhuka Miritini, joto lilinipokea kama mlango wa tanuri uliofunguliwa. Tuktuk ikanipeleka upande wa Changamwe, nami nikavuta pumzi nikitarajia harufu ya chumvi. Niliyoipata ilikuwa ile ile ya nyuma ya stoo yetu.

Mkufunzi wetu alikuwa mzee mwembamba aliyewahi kuendesha tagi bandarini. Sote tulimwita Kapteni.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka bara? Basi leo utaanza wewe."

Alinituma kukagua ukuta unaozunguka matangi ya depo tuliyokaribishwa. Ukuta huo hujengwa ili tangi likipasuka mafuta yabaki ndani, kama maji kwenye karai. Kanuni inayofuatwa sana ni kwamba karai hilo lichukue mafuta yote ya tangi lililo kubwa kuliko mengine, na asilimia 10 juu yake. Lakini karai halina paa, na mvua ikinyesha hujaa maji. Kwa hiyo chini ya ukuta hupitishwa bomba lenye valvu. Mtu huyatazama maji kwanza. Yakiwa hayana utando wa mafuta huyafungulia, huyangoja yaishe, hufunga, kisha huandika kitabuni saa na jina lake.

Niliikuta valvu imezungushiwa mnyororo na kufuli kubwa. Nikaandika: "Imefungwa." Nikatia sahihi.

Kapteni alisoma, akaenda akachuchumaa penye valvu. "Kilichofungwa hapa ni nini, mwanangu?"

"Valvu, Kapteni."

"Hapana. Kufuli ndilo lililofungwa."

Akaweka kidole juu ya fito ya chuma iliyochomoza katikati ya usukani, yenye meno ya parafujo, ikimeta kwa grisi, urefu wake kama shubiri. Valvu za aina hiyo, fito ikipanda, lango limefunguka, ikizama, limefungwa. Jana yake jioni aliifungua makusudi, kisha akaifunga kwa kufuli ikiwa wazi. Tangi lingepasuka siku hiyo, ukuta mzima wa zege ungekuwa pambo tu, na jina kitabuni lingekuwa langu.

Wenzangu hawakucheka, nami ningependelea wacheke.

Tukinywa chai kwa mahamri na mbaazi, Kapteni alitusimulia habari mbili za mwaka mmoja, 1988. Ya kwanza ilitokea mlangoni kwetu: tangi la mafuta lilitobolewa, tani zipatazo 5,000 zikaingia hori ya Makupa, na hekta kama 10 za mikoko zikafa. Ya pili ilitokea Floreffe, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Tarehe 2 Januari, tangi la galoni milioni 4 lililohamishwa kutoka kwingine na kuungwa upya lilikuwa likijazwa dizeli. Chuma kilikuwa na dosari ndogo ya siku nyingi. Kikapasuka mara moja, juu hadi chini. Wimbi la dizeli liliruka ukuta wa kinga, likaingia kiwanja cha jirani, likakuta mfereji wa maji ya mvua. Galoni zaidi ya 700,000 zikafika mto Monongahela, na miji mingi ya chini ikafunga mabomba yake ya maji.

"Ukuta walikuwa nao," Kapteni alisema. "Mafuta yakaenda kwa jirani kutafuta mfereji."

Mwaka uliofuata meli Exxon Valdez ikamwaga mafuta Alaska, na mwaka 1990 Marekani ikapitisha sheria inayowataka wenye matangi makubwa waandike mapema watakavyokabili mwagiko mbaya kuliko yote. Nasi siku ya pili tulikaa na mpango wa namna hiyo. Tulipanga tukio lipi depo italimudu yenyewe, lipi litahitaji majirani na bandari, na lipi ni la taifa, chini ya Kenya Maritime Authority. Kapteni akatuamuru tupige namba zote za simu zilizoandikwa. Ya nne ilipokelewa na mama mmoja wa Malindi, akatuuliza nani katupa namba yake.

Siku ya tatu tulishuka hori ya Port Reitz. Yalikuwa maji ya bamvua, yanakupwa kwa kasi. Badala ya mafuta tulimwaga magunia mawili ya machungwa, kwa kuwa huelea na yakipotea hayamdhuru mtu. Tulitandaza kizuizi kinachoelea, tukakikingamisha kukata mkondo kama lango la ng'ombe. Machungwa yakaja, yakarundikana, nikataka kupiga makofi. Kisha moja likazama chini ya kizuizi, likaibukia upande wa pili. Likafuatwa na jingine, kisha kumi.

"Mkondo ukizidi kama theluthi ya mita kwa sekunde, mafuta hupita chini hivyo hivyo," Kapteni alisema. "Usishindane na maji. Yaelekeze."

Tukakilaza kizuizi mshazari, ncha moja ikielekea ukingoni palipotulia. Mara ya pili machungwa mengi yaliteleza kukifuata hadi pembeni, ambapo siku ya mafuta kweli ingewekwa mashine ya kuyaengua. Yaliyotoroka tuliyafuata kwa mashua. Tuliyakuta kwenye michu, aina ya mikoko, yamenasa kati ya mizizi inayochomoza topeni kama penseli. Mchu huvuta hewa kwa vitundu vya mizizi hiyo. Mafuta huviziba, mti ukafa umesimama. Watoto wawili wenye mtumbwi walikuwa wametutangulia, wanamenya.

Niliomba chungwa moja, nikalitia mkobani pamoja na mabuyu.

Jumatatu nilianza kwa fito ya valvu yetu. Ilikuwa imezama. Alasiri mvua ya Eldoret ikanyesha kama kawaida yake. Nikatoka nje ya ukuta, nikalitumbukiza chungwa langu kwenye mfereji, nikalifuata kwa miguu. Lilipita chini ya barabara, nyuma ya gereji, mbele ya vibanda vya mboga. Hatimaye likatumbukia Mto Sosiani, mahali mtu alipokuwa akijaza madumu ya maji.

Nilirudi ofisini nimelowa, nikatoa mpango wetu wa dharura kabatini na kufungua ramani yake. Iliishia getini.