Nesi, si mlimpima juzi tu? (Sehemu ya 6)

Mama zangu, swali hilo niliulizwa wodini na mama ambaye mwanawe anatumia dawa za saratani. Alikuwa amechoka, nikamwelewa.

Dawa nyingi za saratani hupigiwa hesabu kwa eneo la ngozi ya mwili. Mwaka 1916, kule Marekani, Du Bois wawili walipima ngozi za watu 9 tu, wakapata kanuni ya kukadiria eneo hilo kwa uzito na urefu.

Jana usiku nilijaribu namba za mazoezi kwenye kompyuta: uzito upande huu, urefu upande ule, eneo kwenda juu. Nukta zikaelea kama mbu. Programu ikatandaza kitu kama shuka, ikalivuta mpaka likapita katikati yao.

Siku hizi wengi tunatumia kanuni rahisi ya 1987: sentimita mara kilo, gawanya kwa 3600, tafuta kipeuo cha pili. Mtoto wa sentimita 100 na kilo 16 anapata mita za mraba 0.67. Nikiandika kilo 19 kwa bahati mbaya, inakuwa 0.73, na dozi inapanda karibu asilimia 9. Shuka halijui kama nimekosea, linajibu tu.

Kwa hiyo nikimvua viatu na sweta tena, nivumilie. Na ukiona kilo zimeruka ghafla, niulize.