Ekari Moja ya Baba

Asiyefika Mbeere hudhani Embu yote ni chai na kahawa. Aje kwetu huku chini aone mawe, migunga na mbuzi. Zamani ardhi hii ilidharauliwa. Leo inagombaniwa!

Siakago kuna mahakama na ofisi za serikali, na wafanyakazi wake wanatafuta nyumba za kupanga. Ishiara, ambako jua ni kali zaidi, wachuuzi wa mbuzi, maembe na ndengu wanataka maduka. Ndiyo maana wenye pesa kutoka mjini Embu na Meru huja wakiuliza, "Ploti iko?"

Mwaka jana broka alimjia baba akitaka ekari yetu iliyo kando ya barabara. Baba alikubali upesi, kwani karo yangu ilikuwa imemlemea.

Usiku huo nilichukua kalamu. Ekari moja ni futi mraba 43,560. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni 5,000. Hata ukitoa njia, ploti saba hazikosi. Pesa za broka hazikutosha kununua hata tatu!

Nilimwonyesha mama. Akamwambia baba, "Baba Watoto, mimi sitasimama mbele ya bodi ya ardhi niseme nimekubali."

Baba alinyamaza siku tatu. Kisha akauza mbuzi sita, wawili wakiwa wangu. Karo ilipungua, haikuisha. Lakini shamba lipo, nami nalipita kila asubuhi nikija shule.

Wenzangu, kabla mzazi hajatia sahihi, mwombeni kalamu kwanza mpige hesabu.