Mashine ya Upepo Niliyoachiwa na Mjomba

Nataka kuwasimulia habari ya mashine ya upepo, ile ambayo mafundi huiita kompresa. Kila mwenye baiskeli au pikipiki anaijua, maana huko ndiko anakopeleka tairi lililokwisha upepo. Lakini mimi sisimulii kwa ajili ya tairi. Nasimulia kwa ajili ya mtoto wa dada yangu, ambaye kwa uzembe wangu nusura nimrudishe kwa mama yake akiwa maiti.

Kwetu ni Mamboya, wilaya ya Kilosa. Katika miaka ya 1880 misafara ya wapagazi ilikuwa ikipita hapa kwenda Mpwapwa na bara, mizigo kichwani. Siku hizi mahindi na mbaazi hushuka kwa pikipiki mpaka barabara kuu, na mawe ya njia zetu hayana huruma kwa tairi. Ndiyo sababu fundi wa kuziba pancha hakosi kazi.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa namna hiyo. Sisi Wakaguru twahesabu ukoo kwa upande wa mama. Basi alipofariki, kazi yake ilinijia mimi, mtoto wa dada yake. Aliniachia kibanda nyuma ya nyumba, sanduku la spana, na kompresa ya injini ya petroli yenye tangi la lita 100. Aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, akaitunza miaka mingi. Kila jioni, kabla ya kufunga kibanda, alikuwa akiinama na kufungua koki ndogo iliyo chini ya tangi. Maji yalitoka, kikombe kimoja au zaidi, kisha akafunga akaenda kula. Mimi nilimwona kila siku, nikadhani ni desturi tu za wazee. Nilirithi mashine, lakini sikurithi mazoea yake.

Maji hayo yanatoka wapi? Hewa tunayovuta ina maji ndani yake, hasa wakati wa mvua. Pampu ikiishindilia, hewa hupata moto; ikiisha kupoa ndani ya tangi, maji hujitenga kama umande wa asubuhi, yakalala chini. Usipoyatoa, yanakula chuma. Na yanakula kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa nje rangi inang'aa, nawe unajisifu kwamba mali yako ni nzima.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo la kuisahau koki. La pili lilikuwa baya zaidi. Juu ya tangi ipo vali ya usalama. Kazi yake ni kuachia upepo ukizidi kipimo. Vali ya mjomba ilianza kulia mara kwa mara hata kabla upepo haujafika kipimo, na wateja walinung'unika kwamba wanangoja mno. Mimi badala ya kununua nyingine, niliifungua nikaziba tundu lake kwa bolti. Nikafurahi kuona kelele zimekwisha. Wazee walisema kweli, mchelea mwana kulia hulia yeye.

Wakati huo dada yangu alikuwa amenikabidhi mwanawe wa kiume, aliyemaliza darasa la saba, nimfundishe ufundi. Alisema, "Kaka, mimi sina shamba la kumpa. Mpe kazi ya mikono." Kijana ni mwepisi wa kuelewa na hana maneno mengi. Kwa kuwa kibandani kulikuwa na kiti kimoja tu, naye aliniachia mimi, yeye alizoea kukaa juu ya tangi la kompresa akiziba mipira ya baiskeli. Nami nilimwona, nikanyamaza.

Jumamosi moja, siku ya gulio, watu walikuwa wengi. Niliwasha injini, kisha mteja mmoja akaniita nje tupatane bei ya kupiga rangi geti lake. Mazungumzo yakawa marefu. Mara nikasikia mluzi mwembamba kutoka kibandani. Nilipoingia, kijana alikuwa ameketi palepale juu ya tangi, amesogeza mpira wa baiskeli sikioni, akitafuta tundu. Alidhani mluzi unatoka kwenye mpira! Nikatazama geji. Mshale ulikuwa umepita mstari mwekundu wa 8, umefika 11.

Nilimshika mkono nikamvuta nje bila kusema neno, nikarudi kuzima injini, na wote tukakaa mbali mpaka mluzi ukafa wenyewe. Halafu nikaingia na maji ya sabuni, nikapaka tangi zima. Chini kabisa, karibu na mshono, mapovu yalitoka katika kitundu kidogo kama ncha ya sindano. Nikaelewa. Sauti ile niliyoiziba juu kwa bolti ilikuwa imetafuta njia ya kutokea chini.

Usiku ule sikulala. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Geji ikisoma 8, maana yake ni kama kilo 8 zinasukuma kila sentimita mraba moja ya tangi. Upande wa mwisho wa tangi langu ni duara lenye upana wa sentimita 30, yaani kama sentimita mraba 706. Zidisha mara 8, utapata kilo 5,600 na zaidi. Ni sawa na magunia 56 ya mahindi, kila gunia kilo 100, yanayosukuma kisahani kimoja cha chuma. Na siku ile geji haikusoma 8, ilisoma 11. Juu ya mzigo huo ndipo nilipomketisha mtoto wa watu.

Jumatatu nilifungua tangi nikalifunga nyuma ya pikipiki, nikaenda kwa mchomeleaji. Akalitazama akacheka. "Hiki kitundu ni kazi ya dakika tano," alisema. "Usipoziba ufa utajenga ukuta, bwana." Bei yake ilikuwa ndogo, nami moyoni nilishawishika, maana ada za watoto zilikuwa mlangoni. Lakini hapo alikuwapo mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, amekuja kwa shughuli zake. Nilimwamkia, akaitikia, akaniomba nyundo ndogo. Akagonga tangi juu, likalia kama kengele. Akagonga ubavuni, likalia vizuri. Akagonga chini, likatoa sauti nzito kama debe lililojaa udongo. Kisha akaweka msumari pale chini, hatua moja mbali na kitundu, akapiga mara moja tu. Msumari ukazama.

"Mwanangu," akasema, "kitundu hiki ni shahidi wa kwanza tu. Wenzake wako ndani wanangoja. Chuma kimekuwa chembamba kama karatasi. Ukikichomelea, moto unakidhoofisha pembeni mwa kiraka, na siku ya kupasuka hakitatoboka, kitachanika. Methali ya ufa ni ya ukuta mzima. Ukuta uliooza ndani hauzibwi, unabomolewa."

Nilirudi nyumbani na tangi lenye matundu mawili. Dada yangu alikuwa amekuja kumtazama mwanawe. Ningeweza kumficha, lakini niliona afadhali aibu kuliko uongo, nikamweleza yote, pamoja na habari ya bolti. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Kaka, mashine hununuliwa. Mwanangu simnunui popote." Nilitazamia kwamba angemchukua mtoto aende naye. Hakumchukua. Kesho yake alileta fedha alizouza mbaazi, nami nikauza mbuzi watatu, na mke wangu akatoa akiba yake ya alizeti. Sijapata kupewa adhabu nzito kama ile ya kuaminiwa mara ya pili.

Basi nikapanda basi hadi Morogoro mjini. Kununua kompresa mpya nzima sikuweza, wala haikuhitajiwa. Kichwa cha pampu kilikuwa bado kizima. Nilikifungua, nikabadili ringi za pistoni na gasketi, nikasafisha vibati vya vali vilivyojaa masizi, nikatia oili mpya na mkanda mpya. Lakini tangi nilinunua jipya, lenye kibao cha kiwandani kinachoonyesha kipimo chake. Watu walinishauri nitumie mtungi wa zamani wa gesi au pipa la mafuta. Nilikataa. Pipa halikutengenezwa kubeba mzigo wa namna hiyo, na mtungi wa gesi hauna koki ya chini ya kutolea maji. Tena ukikatwa au kuchomelewa ukiwa na mabaki ya gesi, unaweza kulipuka mikononi mwako. Nilinunua vali mpya ya usalama pia, na ile bolti yangu nikaitupa chooni.

Yule mzee alinifundisha namna ya kulijaribu tangi. Halijaribiwi kwa upepo, linajaribiwa kwa maji. Unalijaza maji mpaka hewa yote iishe, kisha unasukuma kwa pampu ya mkono mpaka mara moja na nusu ya kipimo cha kazi. Kwa tangi la 8, unafika 12. Sababu yake ni nyepesi. Maji hayashindiliki, tangi likipasuka, maji humwagika kidogo na nguvu yote imekwisha. Lakini upepo ni kama upinde uliovutwa. Katika tangi la lita 100 linalosoma 8, mmeshindiliwa hewa ya ziada ipatayo lita 800, na tangi likiachia, hewa hiyo yote hutoka kwa pigo moja, pamoja na vipande vya chuma.

Leo mpwa wangu ndiye mwangalizi wa mashine. Kila jioni huinama akafungua koki, maji yakatoka, akafunga. Kila Jumamosi huvuta pete ya vali ya usalama aone kama inapumua. Injini ikiwaka, mtu haondoki karibu na geji, hata akiitwa na nani. Na kiti tumepata cha pili.

Tangi la mjomba nalo hatukulitupa. Tulilikata kwa msumeno, lile pande la juu ambalo chuma chake ni kizima likawa karai letu. Humo tunatia maji na kuzamisha mipira ya baiskeli kutafuta matundu. Kijana akilitumia hukumbuka alipokuwa akikaa, nami hukumbuka zaidi.

Siku moja kibanda hiki kitakuwa chake, kama kilivyokuwa changu. Ndugu msomaji, wewe mwenye kinu, pampu, jembe la kukokotwa au mashine yoyote ya urithi, usimwachie mtoto chuma peke yake. Mwachie na namna ya kukitunza. Na kitu kilichowekwa kukupigia kelele, kiache kipige.