Rekodi ya dakika 11

Kwa simu yangu kuna rekodi ya dakika 11 ambayo sikufaa kuwa nayo. Sauti ni ya anko wangu, kitinda mimba wa kwao mathe. Niliirekodi simu ikiwa imelala kifudifudi mezani kwake, kando ya printa, na yeye akidhani tunapiga tu stori. Mtaa wake sitautaja. Ni Eastlands, inatosha. Kazi yake nimeibadilisha, na hii posti ameisoma yote kabla sijaiweka hapa, akafuta mistari mitatu. Sasa tuendelee.

Wale mmenifuata kitambo mnakumbuka ile vidio ya Mei 2025. Usiku wa Aprili 30 mbunge wa Kasipul, Charles Ong'ondo Were, alipigwa risasi akiwa kwa gari yake Ngong Road, na kufikia asubuhi kila mtu mtaani alikuwa mwanahistoria. Kwa kinyozi wazee walikuwa wanahesabu kwa vidole: Pinto 1965, Mboya 1969, JM 1975, Ouko 1990. Mimi nikafanya chenye mimi hufanya. Nikapanda mat hadi tao, nikasimama karibu na sanamu ya Tom Mboya pale Moi Avenue, si mbali na mahali alipigwa risasi Jumamosi ya Julai 5, 1969 akitoka duka la dawa. Nikaambia kamera kwamba Mboya alikuwa wetu, ni mitaa hii iliyompa kiti cha Nairobi East mwaka wa 1961, na msiba wake ni wetu. Nahashon Njenga alinyongwa mwaka huo huo wa 1969, aliyemtuma hatukuwahi kuambiwa. Kwa hivyo, nikamalizia, hizi kesi zote ziende The Hague.

Ikatembea kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Kuna msee aliandika kwa komenti, "The Hague inashika kesi ya mauaji ya mtu mmoja tangu lini?" Nikamrushia emoji tatu za kucheka. Wengine wakamalizia kazi, wakamwambia arudi kwa vitabu vyake.

Jioni anko akatuma meseji: "Kesho pitia hapa. Uje na kichwa."

Anko ndiye alilipa karo yangu ya semista ya kwanza. Nilipoacha chuo mwaka wa pili hakunigombeza, aliniuliza tu kama hizo vidio zinapikwa na sukuma wiki. Akiniita naenda.

Nilimpata akichapishia mama fulani fomu ya basari. Akamaliza, akavuta kiti, akaniuliza swali ambalo sikutegemea: "Unajua ni nini ilifanyika wiki ya kwanza ya Machi 2009?" Nilikuwa bado sijamaliza kuota meno ya pili. Nikasema sijui. Hapo ndipo nikabonyeza kurekodi. Ningependa kuwaambia niliwaza sana. Sikuwaza. Kidole kilijua kazi yake.

Wiki yenyewe ilikuwa hivi. Jumapili, Machi 1, mahakama maalum ilifungua milango Leidschendam, karibu na The Hague, kwa ajili ya mauaji ya Rafik Hariri, aliyekuwa waziri mkuu wa Lebanon, aliyelipuliwa Beirut Februari 14, 2005 pamoja na watu wengine 21. Jumatano, Machi 4, ICC ikatoa hati ya kumkamata Omar al-Bashir, rais wa Sudan aliyekuwa bado kitini. Dunia nzima ilikuwa inasema sasa wakubwa wamefikiwa. Alhamisi, Machi 5, jioni watu wakirudi kutoka kazini, Oscar Kamau King'ara na John Paul Oulu walizuiwa na gari State House Road, karibu na hosteli za Chuo Kikuu cha Nairobi, wakapigwa risasi wakiwa kwa gari lao. Wote wawili wakafa.

King'ara alikuwa wakili, mwanzilishi wa Oscar Foundation. Oulu, ambaye wanafunzi walimwita GPO, alikuwa amewahi kuwa kiongozi wa wanafunzi hapo hapo chuoni. Walikuwa wanakusanya ushahidi kuhusu vijana wanaouawa na kupotezwa, wengi wao wa mitaa kama yetu, na Februari walikutana na Philip Alston, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa aliyekuja kuchunguza mauaji ya polisi. Siku ile ile waliyokufa, saa chache kabla, msemaji wa serikali alikuwa amesema hadharani kwamba shirika lao ni la kuchangishia Mungiki pesa. Marekani ikajitolea kuleta FBI, serikali ikasema haina haja. Alston akataka uchunguzi huru. Hadi leo hakuna mtu amefungwa kwa mauaji hayo.

Na anko alikuwa kwa hosteli. Mwaka wa pili, miaka 21, anapiga shati pasi.

Alichokiona sitakiandika. Hiyo ndiyo mistari mitatu. Nitasema tu kwamba alitoka nje haraka kuliko wengine, na kwamba usiku huo polisi walipokuja kuchukua miili kukawa na vurugu, mwanafunzi mmoja akapigwa risasi, naye akafa. Anko akarudi chumbani, akakunja lile shati likiwa na upande mmoja tu umenyooka. Hajawahi kuandikisha taarifa popote. Mathe hajui, na ni dadake.

Mimi, fala, nikamwambia, "Si basi twende ICC, anko?"

Akacheka ile kicheko yake fupi. Kisha akanifundisha kitu ambacho yule msee wa komenti alikuwa anajaribu kunifundisha bure. ICC haishughulikii mauaji kwa sababu aliyekufa ni mkubwa au kwa sababu inauma. Lazima yawe sehemu ya shambulio kubwa au la kimpango dhidi ya raia, na lazima nchi yenyewe iwe imeshindwa au imekataa kushtaki. Tena haifiki nyuma ya Julai 2002, siku mkataba wake ulianza kufanya kazi. Yaani Mboya, Pinto, JM na Ouko niliowapeleka The Hague na matatu ya shilingi 80, wote nje.

Lakini 2009 iko ndani. Hapa nilirudi nyumbani nikakesha nikisoma. Majaji wa ICC walipomruhusu Moreno-Ocampo kuchunguza Kenya, Machi 31, 2010, dirisha walilompa lilianza Juni 1, 2005 likaishia Novemba 26, 2009. Machi 5, 2009 imekaa humo katikati. Ingewezekana mtu kuuliza kama mauaji ya wale wawili yalikuwa kipande cha kitu kikubwa zaidi, hasa ukizingatia kazi waliyokuwa wanafanya. Hakuna shtaka lililowagusa. Kesi zikaenda kwa vita vya baada ya uchaguzi, na mnajua ziliishaje: ya Uhuru ikaondolewa Desemba 2014, ya Ruto na Sang ikafa Aprili 2016, na Novemba 2023 ofisi ya mwendesha mashtaka ikatangaza imefunga uchunguzi wa Kenya. Tusisahau pia kwamba Februari 2009, majuma matatu tu kabla ya State House Road, wabunge wetu walikuwa wameangusha mswada wa kuunda mahakama maalum hapa nyumbani.

Milango mingine? Kuna Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Sheria yake inataka uende ndani ya miezi miwili. Shirika la IMLU lilijaribu kupeleka huko mateso na mauaji ya Mlima Elgon ya 2008, na mwaka wa 2012 majaji wa rufaa wakasema mmechelewa. Miezi miwili! Mtu wangu, kwetu miezi miwili bado mnachanga pesa za mochari. Kuna Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu, hiyo pia Arusha, lakini Kenya haijatoa lile tamko la kuruhusu raia wake kufika pale moja kwa moja. Na usifikiri kuita wageni ni kitu kipya kwetu. Ouko alipouawa 1990, Moi mwenyewe aliita Scotland Yard. Wakaja wakiongozwa na John Troon, wakaandika ripoti, na ile tume iliyofuata ikavunjwa 1991 kabla haijamaliza kazi.

Nikamuuliza anko kuhusu wale wa Hariri basi, si wao walijengewa mahakama yao? Akasema nitafute ilivyoisha. Nilitafuta. Ilikula mamia ya milioni ya dola, karibu nusu zikitoka Lebanon yenyewe, nchi ambayo benki zilikuwa zinawanyima watu akiba zao. Agosti 2020 ikamtia hatiani Salim Ayyash bila yeye kuwa kortini, rufaa ikaongeza wawili, na mwisho wa 2023 ikafungwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulala jela kwa mauaji yale. Mimi bado sijui kama hiyo ni kitu ama si kitu. Familia angalau zina karatasi yenye jina. Za kina King'ara hazina.

Nilimwambia hivyo, nikijiona nimesema kitu. Akajibu, na hapa ni dakika ya 8 ya rekodi: "Jina hutoka kwa mdomo wa shahidi. Hiyo ICC yako ilikufia wapi kama si kwa mashahidi? Walibadilisha maneno, wakanunuliwa, wakatishwa. Yule Meshack Yebei alitoweka Desemba 2014, mtu aliyetajwa kama shahidi, akapatikana amekufa. Sasa mimi ni nani? Mimi ni mtu wa kuchapisha fomu."

Nikamtajia Willie Kimani, kwa sababu hiyo kesi mimi huishikilia sana nikikata tamaa. Wakili, mteja wake Josephat Mwenda na dereva Joseph Muiruri walitekwa Juni 2016 wakitoka korti ya Mavoko, miili ikapatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Hapo hakukuwa na mzungu wala The Hague. Mahakama Kuu hapa hapa ilisikiliza, na Julai 2022 ikawatia hatiani maafisa watatu wa polisi na mpasha habari wao. Anko akanyamaza kidogo. Akasema, "Hiyo walisukumwa. Mawakili walijaa barabarani nchi nzima, kesi haikuachwa ilale." Halafu, "Sisi tulilia wiki moja tukarudi kwa mitihani."

Sasa dhambi yangu. Usiku huo nilikata sekunde 50 za sauti yake. Nikaziweka kwa picha ya State House Road usiku, nikaongeza biti ya chini chini, nikaandika kichwa kwa herufi kubwa. Kodi ilikuwa imechelewa siku tisa na keateka alikuwa ameanza kupita mlangoni akikohoa. Nilijua hiyo vidio ingelipa. Hata niliamini, walai, kwamba ni haki natafuta.

Nikavaa hedifoni kusikiza mara ya mwisho. Nyuma ya sauti ya anko kuna printa. Kuna mtu anauliza KRA pin ni ngapi. Na kuna sauti ndogo ya msichana anasema, "Baba, divai hii kwa tatu," na anko anamjibu kwa jina lake. Liko pale, wazi kabisa, kwa sekunde ya 31. Nilikuwa nimeisikiza kama mara 20 bila kulisikia.

Sikuiposti. Kesho yake nikarudi kwake nikamwambia ukweli, nikamchezea rekodi yote akiwa amesimama. Hakunipigia kelele, na afadhali angenipigia. Alifunga mlango wa duka saa tano asubuhi, akauliza, "Umenirekodi kama nani?" Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Kama msanii? Kama mtoto wa dadake? Watu wanaorekodi wenzao bila kuwaambia mtaani kwetu wana jina lao, na si jina zuri.

Nikatoa simu nifute mbele yake. Akanishika mkono.

"Usifute."

Akaeleza polepole, kama mtu anayejiambia. Mauaji kisheria hayana tarehe ya mwisho, si hapa wala kule. Yeye alikuwa amebeba hicho kitu miaka 16 bila kukisema kwa sauti, na sasa kimesemwa, ingawa kwa wizi. Akitaka kusema tena rasmi, atataka wakili, na atataka kujua nani analala wapi siku hiyo. Tulikata ile sehemu yenye jina, tukaiweka kwa flashi mbili. Moja iko naye. Ya pili iko mahali, na nakala imebaki kwa simu hii, imefungwa na namba yenye tunajua watu wawili tu.

"Mtoto akimaliza shule," akasema, "tutaongea mimi na wewe."

Ako Gredi 7.