Simba wa Ngano na Simba Jirani

Wahenga walisema kuwa simba mwenda pole ndiye mla nyama. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, nikaiandikia insha, na sasa imo katika tasnifu yangu ya uzamili kuhusu usawiri wa simba katika ngano za Kiswahili. Siku nilipowasilisha pendekezo langu, mhadhiri mmoja aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu: "Je, wewe umewahi kumwona simba?" Nilinyamaza. Nimezaliwa na kulelewa Lindi, kijiji kimojawapo cha Kibera, na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi iko ng'ambo tu ya Lang'ata. Hata hivyo, sikuwa nimewahi kumwona.

Simba niliyemjua mimi alikuwa wa uvumi. Mwezi Februari 2016 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza kwamba simba wametoroka mbugani na wanatafutwa pande za Lang'ata. Usiku ule Mama aliegemeza mtungi wa maji mlangoni, akatukataza kwenda msalani, kwani choo chetu kilikuwa mbali. Mwezi uliofuata simba mzee aliyeitwa Mohawk alipigwa risasi Isinya baada ya kumjeruhi mtu. Mama aliposikia habari hiyo redioni alitikisa kichwa. "Maskini," alisema, "alipotea njia."

Kwa hakika, njia yenyewe ndiyo iliyopotea. Mbuga hii ilianzishwa mwaka 1946, ikiwa ya kwanza nchini, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 117. Pande nyingine zimezungushiwa ua, ila kusini pameachwa wazi ili wanyama waweze kuelekea nyanda za Kitengela malisho yanapobadilika. Nyanda hizo nazo zimejaa nyumba na nyua. Mwezi Juni 2012 simba sita waliuawa Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilihesabu simba 2,589 katika Kenya nzima. Naam, chuo chetu kina wanafunzi wengi kuliko simba wote wa nchi hii.

Mwaka jana nilichangishana fedha na wenzangu, tukakodi matatu, tukaenda. Nilitarajia ngurumo; nikamkuta jike amelala chini ya mgunga, akipunga mkia kufukuza nzi. Nyuma yake yalionekana maghorofa ya jiji, na mbali kidogo ile reli iliyofunguliwa mwaka 2019, ikipita juu ya nguzo katikati ya mbuga.

Nilikumbuka Julai 2018, barabara ilipopitishwa Kibera na nyumba zikabomolewa. Siku ile Mama alisema kwa uchungu, "Simba ana uwanja wake. Sisi je?" Uchungu huo niliurithi. Lakini mbele ya yule jike niling'amua kwamba tulikuwa tumemkasirikia asiyehusika. Barabara na reli hazikumwuliza yeye, kama ambavyo hazikutuuliza sisi. Tofauti ni kwamba sisi tuna ulimi wa kulalamika.

Sisemi kwamba mnyama ni sawa na binadamu. Ninachosema ni kwamba mbuga hailindwi na ua peke yake. Hulindwa na wale wanaolala karibu nayo. Mfugaji wa Kitengela hawezi kumpenda simba ikiwa fidia anayoahidiwa na sheria ya mwaka 2013 inachelewa. Richard Turere, kijana aliyekulia kando ya mbuga hiyo, alibuni taa za kumetameta za kuwafukuza simba zizini, ng'ombe wakapona na simba pia wakapona. Mtoto wa Lindi naye atailindaje mbuga asiyoimudu kiingilio chake?

Nasi wanafasihi tuna deni. Katika ngano nyingi simba ni mfalme mkatili anayehadaiwa na sungura. Ngano hizo ni hazina, lakini zitabaki na jina tupu iwapo mwenye jina ataangamia, na mwalimu wa kesho atalazimika kumwonyesha mwanafunzi picha ili aielewe methali.

Mama bado hajaenda. Mungu akipenda, nitampeleka likizo ijayo. Nataka amwone kwa macho yake yule aliyemwekea mtungi mlangoni.