Mikono Miwili Juu ya Ufito Mmoja

Wazazi Waswahili tunaoishi kaskazini mwa Ulaya tunalifahamu vyema swali la kiangazi. Hapa Aberdeen, mwezi Juni, jua huchelewa kuzama hadi saa nne za usiku. Shule zikifungwa, watoto hubaki na mchana mrefu usio na kazi, na simu ya mkononi huwa tayari kuujaza wote. Kamati ya msikiti wetu, ambayo mimi ni katibu wake, hulijadili jambo hili kila mwaka. Mwaka huu jibu moja lilitufikia kutoka mahali tusipopatarajia. Jirani mmoja wa msikiti, mzee wa Kiskoti aliyestaafu kazi ya kuwaongoza wavuvi mtoni, kazi ambayo wenyeji huiita gili, alijitolea kuwafundisha vijana wetu bila malipo kutupa mshipi kwa ufito wa mikono miwili.

Wajumbe walikuwa na maswali matatu. Wa kwanza alisema huo ni mchezo wa matajiri wenye mashamba makubwa, nasi hatuna fedha za kuchezea. Wa pili aliuliza kuhusu maji, kwani mto wa huku ni baridi na una kasi. Wa tatu, ambaye ndiye mkubwa wetu kwa umri, aliuliza juu ya samaki mwenyewe: je, anavuliwa ili aliwe, au anachezewa tu? Niliagizwa niende nikajionee, kisha niandike taarifa. Nikaenda mara nne, siku za Jumamosi, pamoja na binti yangu wa miaka 12.

Ndugu msomaji uliyekulia pwani, mshipi unaoujua wewe una chubwi. Uzito wa chubwi ndio unaouvuta uzi kwenda mbali. Katika uvuvi huu hakuna chubwi. Ndoana imefungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu au kisamaki, nayo ni nyepesi kiasi kwamba ukiirusha kwa mkono haifiki popote. Kwa hiyo uzito umewekwa ndani ya mshipi wenyewe, ambao ni mnene kama kamba ya viatu. Ufito huupinda mshipi huo hewani, na mshipi huibeba ndoana. Anayeshika ufito mfupi kwa mkono mmoja huutupa mshipi wote nyuma yake, akangoja unyooke, kisha akaurudisha mbele.

Namna hiyo haikuwafaa watu wa Mto Spey, ulio kaskazini-magharibi ya hapa tulipo. Mto huo una urefu wa kilomita 170 hivi. Ni mpana, una kasi, na sehemu nyingi za kingo zake zina miti na miinuko inayokaribia maji. Anayetupa mshipi nyuma hunasa matawi. Katika karne ya 19 wavuvi wa huko walibuni mtupo ambao mshipi haupelekwi nyuma wote. Walitumia fito ndefu za mti mzito uitwao greenheart, ulioletwa kutoka Guyana, nyingine zikizidi futi 16. Mkono mmoja haukuweza kuubeba mzigo huo, ndipo wa pili ukaalikwa. Siku hizi fito hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni, nazo huwa na futi 12 hadi 15, lakini mtupo umebaki na jina la mto ule.

Mwalimu wetu alianza kwa kuiondoa ndoana. Mahali pake alifunga kipande cha sufu nyekundu kilicholingana na ukucha wa kidole gumba. Kisha akatuvalisha suruali za mpira zinazofika kifuani, mkanda ukibana kiunoni ili mtu akianguka maji yasijae ndani, na juu yake jaketi la kuokolea maisha na miwani. Alitusimamisha katika maji yaliyofika magotini, mahali ambapo Mto Dee hupita taratibu juu ya changarawe. Tulipouliza kwa nini tusianze nyasini palipo pakavu, alieleza kwamba maji ni sehemu ya chombo chenyewe. Ncha ya mshipi inapogusa maji, maji huishika. Hapo ndipo ufito hupata kitu cha kuvutana nacho ukapinda. Wao huiita sehemu hiyo nanga, jina ambalo mtoto wa pwani halihitaji kufasiriwa.

Mtupo wa kwanza aliotufundisha ni wa kuviringisha. Mshipi umelala mbele yako juu ya maji. Unainua ufito polepole, na mshipi unatambaa kuja kwako bila kupaa. Unaulaza ufito kando ya bega hadi mshipi uning'inie nyuma yako na kufanya kitanzi chenye umbo la herufi D. Hapo unasimama kidogo. Kisha unausukuma ufito mbele na kuusimamisha ghafla ukiwa bado juu, na mshipi unajikunjua juu ya maji kama mkeka unaotandikwa.

Siku ya pili tukaongeza mtupo wa Spey mara mbili. Umesimama kwenye ukingo ambao maji yanaelekea mkono wako wa kulia, na mshipi umenyooka kulikoelekea maji. Unauinua ufito na kuupitisha mbele ya mwili hadi upande wa kushoto, yatokako maji, na kuulaza mshipi ili ncha yake ibaki mbele yako kidogo upande wa kulia. Kisha unaurudisha ufito kulia kwa mwendo wa duara, kitanzi kinaumbika nyuma ya bega, nawe unatupa mbele kuvuka mto. Kanuni moja inatawala yote: kitanzi kilicho nyuma, nanga iliyo majini na pale unapokusudia kutupa viwe katika mstari mmoja. Mshipi ukilala kwenda upande huku unatupa kwenda upande mwingine, hupigana wenyewe kwa wenyewe na kuanguka kama lundo.

Kilichonishangaza ni kazi ya mkono wa chini. Mtu mzima anayeushika ufito wa mita nne kwa mara ya kwanza huamini kwamba nguvu ziko katika mkono wa juu, naye husukuma kama anayefungua mlango uliokwama. Ukweli ni kwamba mkono wa juu ni egemeo tu. Mkono wa chini ndio unaouvuta mwisho wa ufito kuelekea tumboni, kwa umbali wa shubiri mbili hivi, na ncha ya ufito, kwa urefu wake, inaugeuza mvuto huo mdogo kuwa mwendo mkubwa. Waliowahi kutupa kimia huko nyumbani watanielewa. Marehemu babu yangu, mvuvi wa Pemba, alikuwa akisema kimia hutupwa kwa kiuno, mkono unakiachia tu.

Ndiyo maana binti yangu aliufahamu mtupo huu mapema kuliko wanaume wawili wenye vifua vipana tuliokuwa nao. Yeye hakuwa na nguvu za kutegemea, basi alilazimika kuungoja ufito upinde. Kufikia Jumamosi ya tatu alikuwa akiupeleka ule mshipi mita 15 na zaidi, na kipande cha sufu kikitua bila kurusha maji. Naandika haya kwa sababu barua ya mwaliko, kama tulivyoinakili katika kumbukumbu zetu, ilitaja vijana wa kiume tu. Katika taarifa yangu niliomba neno hilo liondolewe, na mabinti wapangiwe zamu yao pamoja na mama zao.

Kuhusu hatari, kubwa kuliko zote baada ya maji ni upepo. Ndoana inayokwenda kasi karibu na uso si jambo la mzaha. Hapa mwalimu hakukubali mjadala: kitanzi na nanga hukaa upande ambao upepo unaupeleka mshipi mbali nawe. Upepo ukivuma kufuata mkondo wa maji, unatumia Spey mara mbili, ambao nanga yake iko upande wa chini wa mto. Upepo ukivuma kupanda mto, unabadili na kutumia Spey mara moja, ambao nanga yake iko upande wa juu. Ukiwa hujui upepo unaelekea wapi, huanzi. Nimeona watoto wakilikumbuka hili upesi kuliko maonyo mengi tunayowapa barabarani, kwa kuwa wanausikia upepo shavuni kabla ya kila mtupo.

Lilibaki swali la mzee wetu, nalo ndilo zito. Samaki anayetafutwa katika mito hii ni samoni wa Atlantiki, anayezaliwa mtoni, akaenda kukulia baharini, kisha akarudi mtoni kutaga. Idadi ya wanaorudi imepungua sana. Mwezi Desemba 2023 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwaweka samoni wa Uingereza katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka. Sheria ya Uskoti inaamuru kila samoni anayevuliwa kabla ya tarehe 1 Aprili arudishwe majini, na katika mito iliyodhoofika zaidi arudishwe mwaka mzima. Katika Mto Dee wavuvi wamekubaliana tangu miaka mingi kuwarudisha wote. Basi anayevua hapa hutoboa mdomo wa kiumbe, humchosha, kisha humwachia.

Nilimweleza mwalimu, kwa adabu, kwamba sisi tumefundishwa kutokumfanya kiumbe hai kuwa shabaha ya mchezo. Hakuchukia. Alisema ada za wavuvi ndizo zinazosaidia kulipia ulinzi wa mto, pamoja na kupanda miti kando ya vijito ili kivuli kiyapoze maji ambayo samoni wachanga hawayavumilii yakipata joto, na kwamba asiye na haja na samaki hana haja na mto. Ni hoja ya mtu aliyeupenda mto huo maisha yake yote, nami niliiandika katika taarifa kama alivyoisema, bila kuipunguza. Binti yangu, aliyekuwa akisikiliza, aliniuliza kwa Kiswahili, "Baba, na samaki atajuaje kwamba tunacheza naye tu?" Hilo nalo nililiandika.

Pendekezo langu likawa hili, na kamati imelikubali kwa mwaka mmoja wa majaribio. Vijana wajifunze mtupo kwa sufu isiyo na ndoana, kwa idhini ya wenye mto, kwa kuwa mtupo wenyewe una mafunzo ya kutosha na hauhitaji samaki ili uwe na maana. Atakayetaka kuvua atapelekwa na mzazi wake kwenye mabwawa yanayofugwa samaki aina ya trauti, ambako mtu hulipia, huvua, na huruhusiwa kwenda na samaki nyumbani kwa ajili ya chakula. Huko nia ni wazi na sufuria inangoja. Samoni wa Dee tumewaacha wapite.

Kwa mzazi anayefikiria kuanza, nina machache ya kumshauri. Usinunue kitu kabla ya masomo mawili matatu. Fito hizi ni ghali, na walimu wengi huazima za kwao. Ukinunua, chagua ufito wa futi 13 hivi na mshipi ambao sehemu yake nzito si ndefu, kwa maana mshipi mrefu ni wa waliokwisha kukomaa. Mwalimu awe mtu anayesimama majini pamoja na mtoto, wala si anayeelekeza kutoka ukingoni. Somo lisizidi saa moja, kwani mabega yakichoka mkono wa juu huanza tena kusukuma, na kilichojengwa kinabomoka. Mwisho, ingia majini wewe mwenyewe. Mtoto akikuona umesimama kando yake katika maji yale yale ya baridi, nawe ukiungoja ufito wako upinde, hutahitaji kumkumbusha mara ya pili kwamba polepole ndiyo njia.