Ziwa Nalo Lina Kupwa na Kujaa

Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kutembea kando ya maji. Cheo kwenye barua za serikali kilibadilika kila ulipokuja muundo mpya wa utumishi, lakini kwa wavuvi wa Kibirizi, Katonga na Ujiji nilibaki bwana samaki, nami nilikipenda cheo hicho kuliko vyote. Alfajiri nilikuwa mwaloni kupokea vipe vinavyorudi na dagaa, napima, naandika, nakagua matundu ya nyavu. Jua likipanda na wanawake wakishaanika dagaa wao, mimi nilishika njia ya ufukweni kwa miguu, kutoka mwalo mmoja hadi mwingine. Njia hiyo ndiyo iliyonifundisha ziwa.

Nilizaliwa Kasingirima, katika nyumba ambayo mafuta yake yalikuwa mawese na kitoweo chake migebuka. Shuleni tulikaririshwa kwamba Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha karibu mita 1,470, na kwamba duniani linazidiwa kina na Baikal la Urusi peke yake. Tulijibu kwa sauti moja, kisha tukakimbilia kuogelea. Watoto hatukuwa na haja na kina. Ziwa letu lilikuwa ule ukingo, pale maji yanapogusa mchanga, na tuliamini kwamba ukingo hauhami.

Imani hiyo iliondoka Mbegani, karibu na Bagamoyo, nilikopelekwa kusomea uvuvi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Chuo kimekaa kwenye hori iliyokingwa na ulimi wa mchanga, mikoko imeota pembeni. Mtu wa ziwani akifika pale asubuhi hukuta maji. Akitoka kula chakula cha mchana hukuta matope, kaa wanakimbizana, na mashua zimelala ubavu. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama hamsini kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvu, na hapo tofauti ya maji huweza kupita mita tatu. Katikati ya bamvu mbili kuna maji mafu, bahari inasogea kidogo tu. Mwalimu wetu alitupigisha vigingi kuanzia kwenye mikoko hadi maji yalipoishia, kisha akatuamuru tuandike kila kiumbe kilicho kwenye kila kigingi: konokono wa mizizini, kaa wa kwenye matope, chaza wa kwenye mawe. Kila mmoja ana mahali pake, na mahali pake pameamuliwa na muda anaoweza kuvumilia kukaa nje ya maji. Sijapata somo lililonifaa kuliko lile.

Niliporudi Kigoma nilikuja na vigingi vyangu. Wenzangu ofisini walishangaa: ziwa halina kupwa na kujaa, utapima nini? Nilianzia kwenye miamba ya Bangwe. Ufuko wetu ni wa vipande: mwamba, halafu mchanga, halafu mwamba tena, na kila kipande kina watu wake. Ndani ya ziwa hili kuna aina zaidi ya mia mbili za samaki wa jamii ya perege, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wako wadogo wanaokwangua mwani juu ya mawe, wasiothubutu kuvuka mchanga mtupu kwenda mwamba wa pili. Kwa kukaa hivyo vizazi na vizazi, wa mwamba huu wamekuwa na rangi yao na wa mwamba ule na yao. Wako pia wanaozaa na kulea ndani ya magamba matupu ya konokono yaliyorundikana chini. Niliinama juu ya maji yale maangavu hadi shingo ikauma, na kila mara niliondoka kwa kulazimika.

Mwezi nao niliukuta nyumbani, ila unafanya kazi nyingine. Mbegani mwezi huvuta maji. Kigoma huwapumzisha wavuvi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri na za sola, na mbalamwezi ikiwa kali samaki hawakusanyiki kwenye mwanga wa binadamu. Kwa hiyo kila mwezi mpevu mialo hulala kwa siku kadhaa, nyavu zikashonwa, harusi zikafungwa. Mtu wa pwani na mtu wa Ujiji wote huhesabu siku kwa mwezi kabla ya kuingia majini, kila mmoja kwa sababu yake.

Wageni wamekuwa wakilitazama ziwa hili wakiitafuta bahari ndani yake. Sababu wanayo. Maji yetu yana yavuyavu, upana wake sentimita mbili hivi, kiumbe ambacho jamaa zake wengi ni wa chumvi, na aliripotiwa na Wazungu tangu mwaka 1883. Yana konokono wenye magamba mazito yenye miiba, kama waliookotwa Mafia. Mtaalamu wa Kiingereza, J. E. S. Moore, alikuja mara mbili mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1903 akatoa kitabu akidai kuwa Tanganyika lilipata kuwa mkono wa bahari. Utafiti uliofuata ulimkatalia. Ziwa lilizaliwa kwenye Bonde la Ufa, umri wake unakadiriwa kati ya miaka milioni tisa na kumi na mbili, na konokono wale walijitengenezea magamba yao humu humu, wakishindana na kaa wanaowavunja. Mimi sipendi kulisifu ziwa kwa kuliita bahari. Limejitosheleza.

Hata hivyo vigingi vyangu havikukaa bure. Mvua za Novemba hadi Aprili hulipandisha ziwa, kilele chake huwa karibu na Mei. Kiangazi hulishusha hadi Oktoba. Tofauti kwa mwaka haifiki mita moja, lakini kwenye ufuko tambarare kama wa Ujiji hiyo ni hatua nyingi za miguu. Kiangazi, upepo wa kusini husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Ukitulia, maji hurudi, na chini kabisa, mahali macho hayafiki, tabaka la baridi na tabaka la joto hupandishana na kushushana kwa wiki kadhaa. Mwendo huo huinua rutuba kutoka vilindini, dagaa wakapata chakula nasi tukapata dagaa.

Lakini kupwa na kujaa kukubwa kwa Tanganyika huchukua umri wa mtu. Mto pekee unaotoa maji ziwani ni Lukuga, upande wa Kongo, na hata huo hutoa kidogo. Mengi hupaa kwa jua. Katikati ya karne ya 19 Lukuga ulikuwa umezibwa na mchanga na majani, ziwa likawa linapanda. Stanley, aliyekutana na Livingstone Ujiji mwaka 1871, aliporudi 1876 aliona maji yamesogea. Miaka miwili mitatu baadaye kizuizi kilipasuka, na kufikia miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka kwa takriban mita kumi. Ndiyo maana leo, ukisimama Ujiji kwenye mnara wa kumbukumbu ya wawili hao, unalitafuta ziwa kwa macho.

Mwaka 1964 maji yalirudi kwa nguvu. Nilikuwa mtoto sana, nimeyajua kwa kusimuliwa. Mvuvi mmoja mzee pale Ujiji alinishika mkono siku moja, akanitoa mchangani, akanipeleka mbali, akanionyesha shina la mwembe. "Bwana samaki, mwaka wa sitini na nne mtumbwi wangu niliufunga hapa." Nilipiga hatua kurudi majini, nikaandika. Wakati huo kati ya mwembe na maji watu walikuwa wameshajenga: vibanda vya chai, ghala, nyumba za matofali zenye wapangaji. Mzee alikuwa akiwaambia nao wakimwitikia kwa heshima, kisha wanaendelea kuchanganya zege.

Nilistaafu muda mfupi kabla maji hayajapanda tena. Ilikuwa 2020 na 2021, na 2024 yakazidi. Bujumbura, Kalemie, Kigoma, kote watu walihama ukingoni. Nilitembea njia yangu ya zamani bila daftari, na mahali pengi njia haikuwepo. Niliwasaidia majirani kutoa milango na mabati kabla kuta hazijalala. Nilisikia wakisema ziwa limevamia, na iliniuma kulisikia neno hilo, maana ziwa lilikuwa limerudi pale pale mzee aliponionyesha.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni sheria nzuri, naiunga mkono kwa moyo wote, ila mita 60 zinapimwa kutoka wapi, ikiwa ukingo wenyewe unatembea? Zikipimwa Oktoba ya mwaka mkavu, mtu atajenga kihalali ndani ya maji ya wajukuu wake.

Kwa hiyo nina ombi kwa Manispaa ya Kigoma Ujiji na kwa vijana walioshika kazi niliyoiacha. Wazee walioyaona maji ya 1964 kwa akili ya utu uzima wanapungua, na alama za 2024 bado zinaonekana kwenye kuta na mashina ya miti. Tembeeni nao, mwalo kwa mwalo, kuanzia Kibirizi hadi mdomo wa Luiche. Kila mahali simikeni nguzo mbili za zege zenye mwaka juu yake, moja ya maji yale na moja ya haya, na mita 60 zihesabiwe kuanzia kwenye nguzo iliyo mbali zaidi na ziwa.